Bembelezi ya Nashville: Albamu ya Amy Grant iliyoligawa kanisa

Kaseti ile ilifika nyumbani kwetu Morogoro mwaka 1993, ndani ya bahasha ya kaki yenye stempu za Marekani. Shangazi yetu alikuwa masomoni huko, na kila akiba yake ya posta iliporuhusu alitukumbuka. Dada yangu, aliyekuwa anaimba sauti ya pili katika kwaya ya vijana, alianika betri juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Alasiri ya Jumamosi akaitia kaseti kwenye redio. Mama alikuwa barazani akipeta mchele. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukaanza, na baada ya muda mfupi ungo wa mama ukawa unakwenda sawa na mdundo bila mwenyewe kujua.

Hapo ndipo mzee wa kanisa alipopiga hodi. Alikuwa amekuja kutuarifu kwamba ibada ya jumuiya wiki hiyo ingefanyika kwetu.

"Bwana Yesu asifiwe, mama."

"Amina, mzee. Karibu ukae."

Alikaa, akasikiliza. Kiingereza hakukijua sana, lakini neno moja lililokuwa likijirudia lilimtosha.

"Hii ni kwaya gani?"

"Ni mwimbaji wa injili wa Marekani, mzee," dada akadakia.

"Injili gani hiyo ya beibe, beibe?"

Mama akamgeukia dada. "Huyo beibe ni nani?"

Dada akaikunjua ile karatasi ndefu iliyokunjwa ndani ya jalada, akatafuta kwa kidole hadi akapata. Mwimbaji alikuwa ameeleza kwamba aliupata wimbo huo katika uso wa binti yake mchanga, Millie, akiwa na umri wa wiki sita. Mama akauweka ungo chini.

"Kumbe ni bembelezi," alisema. "Hawa wote nimewaimbia, mzee. Hukuja kunikataza."

Mzee alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha kweli, lakini alipoondoka aliondoka na kaseti. "Nitaisikiliza kwanza, mama," alisema. "Vijana wanatutazama sisi."

Albamu hiyo inaitwa Heart in Motion, na mwimbaji wake ni Amy Grant. Tangu siku ile nimeisikiliza mara nyingi mno, na nimesoma mengi waliyoyaandika walioipenda na walioilaani. Sijakutana na mtu aliyeieleza vizuri kuliko mama yangu kwa neno lile moja.

Binti wa kanisa lisilo na kinanda

Amy Grant alizaliwa Novemba 25, 1960, katika mji wa Augusta, jimbo la Georgia, akakulia Nashville, Tennessee. Alikuwa kitinda mimba kati ya mabinti wanne wa daktari. Familia yao ilisali katika Makanisa ya Kristo, madhehebu ambayo kwa desturi huimba bila chombo chochote: hakuna kinanda, hakuna gitaa, hakuna ngoma. Hata hapa Tanzania waumini wa makanisa hayo wapo, mathalani kule Chimala mkoani Mbeya, nao wanaujua uimbaji huo. Sauti ya binadamu inabeba kila kitu. Asiyeshika sauti yake hana kinanda cha kujificha nyuma yake.

Kwa hiyo binti huyu, ambaye baadaye angelaumiwa kwa kuingiza mashine za disko katika muziki wa Kikristo, alianzia mahali ambapo hata gitaa lilikuwa jambo la kujadiliwa. Gitaa alijifunza, akaanza kutunga angali msichana wa sekondari, akarekodi nyimbo zake kwenye kanda kwa ajili ya wazazi wake. Kanda hiyo ikafika masikioni mwa kampuni ya Word, iliyoanzishwa Waco, Texas, mwaka 1951 na kujijengea jina kwa kurekodi muziki wa dini. Word ikampa mkataba kabla hajamaliza shule. Albamu yake ya kwanza, yenye jina lake mwenyewe, ilitoka mwaka 1977. Aliyeitayarisha ni Brown Bannister, ambaye Amy alimfahamu tangu kwenye kikundi cha vijana wa kanisa.

Miaka ile Marekani ilikuwa na vijana wengi waliookoka wakiwa na magitaa mkononi. Vuguvugu la Yesu lililoanzia California mwishoni mwa miaka ya 1960 liliwaleta kanisani watu waliokuwa wakiishi kwa muziki wa roki, nao hawakuona sababu ya kuuacha mlangoni. Humo ndimo ulimozaliwa muziki ambao Wamarekani wanauita wa Kikristo wa kisasa: maneno ya imani, sauti ya redio ya siku hiyo. Amy Grant akawa uso wake. Albamu yake ya mwaka 1982, Age to Age, yenye wimbo El Shaddai uliotungwa na Michael Card na John Thompson, ilikuwa ya kwanza ya aina yake kuthibitishwa kuwa imeuza nakala milioni moja nchini humo. Kwaya zikauimba wimbo ule, wachungaji wakaupenda, na wazazi wakamtaja msichana yule kwa watoto wao kama mfano wa kuigwa.

Sifa ya namna hiyo ni mzigo. Mtu akishafanywa kielelezo, kila hatua anayopiga huhesabiwa.

Milango miwili ya duka

Ili kuelewa kwa nini Heart in Motion ilizua maneno, ni vizuri kujua jinsi biashara yenyewe ilivyokwenda. Muziki wa Kikristo Marekani ulikuwa na njia yake. Ulichapwa na kampuni zake, ukapigwa na redio zake, ukauzwa katika maduka ya vitabu vya dini, kando ya Biblia na kadi za Krismasi. Mwimbaji angeweza kujaza ukumbi wa maelfu ya watu, na bado kijana wa mtaa wa pili asiyesali asijue hata jina lake.

Mwaka 1985 Word iliingia makubaliano na A&M, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1962 na Herb Alpert na Jerry Moss. Tangu hapo albamu moja ya Amy Grant iliingia sokoni kwa milango miwili: Word ikiipeleka kwenye maduka ya dini, A&M ikiipeleka kwenye maduka ya muziki wa kawaida. Albamu ya Unguarded ilifungua njia mwaka huohuo. Mwaka 1986 wimbo alioimba pamoja na Peter Cetera, The Next Time I Fall, ulishika namba moja katika chati ya nyimbo 100 ya jarida la Billboard.

Kisha, mwaka 1988, ikaja Lead Me On, albamu nzito iliyogusa utumwa, kambi za mauaji za Wanazi na misukosuko ya ndoa. Wachambuzi waliokusanywa na CCM, jarida la muziki wa Kikristo wa kisasa, mwaka 2001 waliitaja kuwa albamu bora kuliko zote za muziki huo. Redio za kawaida, hata hivyo, hazikuipa nafasi kubwa.

Baada ya uzito ule, Amy alitaka kutengeneza albamu ya pop isiyojificha. Watayarishaji walikuwa watatu: Bannister, rafiki wa zamani, Keith Thomas, kijana aliyekuwa na sikio kali kwa sauti za siku hizo, na Michael Omartian, Mkristo aliyekwisha kujipatia jina katika muziki wa kidunia kwa kutayarisha albamu ya kwanza ya Christopher Cross. Heart in Motion ilitoka Machi 5, 1991. Ina nyimbo 11. Mwenyewe alikuwa na miaka 30, mke wa mtunzi Gary Chapman, mama wa watoto wawili.

Uso wa wiki sita

Twende kwenye wimbo wenyewe uliomfanya mzee aichukue kaseti, yaani Baby Baby.

Muziki aliutunga Keith Thomas. Alimpa Amy sauti na mdundo bila maneno, na kwa muda Amy alitembea na wimbo usio na cha kusema. Maneno yakaja alipomtazama Millie. Ukisikiliza unaweza kuona jinsi yalivyokuja. Hayana mafumbo. Hayajengi hoja. Yanazunguka palepale, yanarudia jina lilelile, yanashangaa, yanaahidi kutobanduka, yanarudi tena. Hivyo ndivyo mtu anavyozungumza na mtoto mchanga. Hakuna mama anayemweleza kichanga jambo jipya kila dakika. Anamwambia lilelile mpaka mtoto alale au mama mwenyewe atulie.

Chini ya maneno hayo kuna muziki wa mwaka 1991: vinanda vya kielektroniki, besi inayorukaruka, ngoma inayomwita mtu asimame. Hapo ndipo penye fumbo. Katika Kiingereza neno lile humfaa mtoto na humfaa mpenzi. Kwetu vilevile, mtaani kijana humsifu msichana kwa kumwita mtoto, na hakuna anayechanganyikiwa kuhusu anachomaanisha. Asiyesoma karatasi ya ndani angedhani mwanamke anamwimbia mwanamume, na video iliongeza dhana hiyo, kwani inamwonyesha Amy akitaniana kwa furaha na kijana mtanashati ambaye si mume wake. Kwa waumini wengi hiyo ndiyo iliyokuwa pigo. Wimbo wangeweza kuuvumilia, lakini picha ile iliwashinda.

Lakini turudi kwa neno la mama. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanafundishwa kwamba bembelezi ina kazi mbili. Ya kwanza inaonekana: kumnyamazisha mtoto, kumlaza. Ya pili iko ndani: ni mahali ambapo mlezi anausema moyo wake. Humo mama anamsifu mwanawe, analalamikia uchovu, anamwuliza baba yuko wapi, anaomba mvua, anaomba uzima. Mtoto haelewi neno hata moja, na kwa sababu hiyo mama yuko huru kuyasema yote. Nyimbo nyingi za namna hiyo hazimtaji Mungu kabisa. Sijawahi kumsikia mtu, wa dini yoyote, akiziita nyimbo za kidunia. Tunajua bila kuambiwa kwamba mtu anayekishukuru kichwa kidogo kilichoegemea bega lake anamshukuru aliyekileta.

Nikiisikiliza albamu nzima kwa sikio hilo, inajipanga yenyewe. Nyimbo zake nyingi ni moyo wa mama mwenye nyumba unaosema kazi ya pili ya bembelezi. Hats, kwa mfano, unamhusu mwanamke anayebadili kofia mchana kutwa: sasa mke, sasa mama, sasa mfanyakazi, na kila kofia inadai kichwa kizima. That's What Love Is For unawahusu wawili waliochoka wakitafuta sababu ya kuendelea kukaa meza moja. Haumalizi kwa muujiza. Unasema tu kwamba upendo una kazi ya kufanya, na kazi hiyo huonekana siku mambo yanapokuwa magumu.

Mtoto asiyebembelezwa

Wimbo wa tano ndio ninaotamani kila aliyeilaani albamu hii angeufikia.

Unaitwa Ask Me. Amy aliutunga pamoja na Tom Hemby. Unamwonyesha msichana mdogo anayeumizwa kingono na mtu wa nyumbani mwake. Anayesimulia anamwona msichana huyo kana kwamba yuko mbele yake: chumba, usiku, woga wa kulala, utoto unaovunjwa na mikono iliyopaswa kuulinda. Kisha miaka inapita, na tunamwona mwanamke aliyekua kutoka kwa msichana yule. Ameanza kupona. Ndipo wimbo unauliza swali zito kuliko yote katika albamu: muulize mtu kama huyo kama anaamini kuna Mungu. Jibu lake ni ndiyo, na ndiyo hiyo imelipiwa gharama ambayo wengi wetu tunaoimba haleluya hatujawahi kuilipa.

Muziki wake hauchezeki. Sauti ya Amy imeshushwa, haigombanii sifa, haijaribu kumliza msikilizaji. Kuweka wimbo huu nyimbo tatu tu baada ya Baby Baby ni uamuzi wa mtu anayejua anachofanya. Kule kuna mtoto anayetazamwa kwa mshangao, huku kuna mtoto aliyetazamwa kwa macho maovu. Mtu hawezi kuupenda wa kwanza kwa dhati bila kumlilia wa pili.

Mwaka 1991, katika makanisa mengi, jambo hili halikuwa na jina. Katika makanisa yetu lilikuwa na majina ya kulifunika: mambo ya ndani, aibu ya familia, tumwachie Mungu. Nilikuwa na rafiki katika kwaya ile ya vijana ambaye miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima, aliniambia kwamba wimbo huo ndio uliomfundisha kuwa yaliyompata yana maneno. Aliusikia nyumbani kwetu, kwa Kiingereza alichokielewa nusu, na nusu hiyo ilimtosha. Sikumwuliza zaidi. Tangu siku aliyoniambia hivyo, nimekuwa mgumu wa kukubali kwamba albamu hii haina injili.

Na kwa anayetaka kulisikia jina lenyewe, lipo. Wimbo wa kumi na moja, Hope Set High, ni mfupi, na ndani yake Amy anakiri waziwazi kwamba jema lolote linalotokea linatoka kwa Yesu. Ameuweka mwisho, kama mtu anayeweka sahihi yake chini ya barua.

Hesabu za chati

Watu waliipokea kwa wingi ambao muziki wa Kikristo haukuwahi kuuona. Baby Baby ilipanda hadi namba moja katika chati ya nyimbo 100 ya Billboard mwishoni mwa Aprili 1991, ikakaa hapo wiki mbili. Uingereza ilifika namba mbili. Every Heartbeat ilifika namba mbili Marekani, That's What Love Is For namba saba, Good for Me namba nane, na I Will Remember You namba 20. Nyimbo tano za albamu moja zikaingia katika 20 bora, kazi ya mwanamke ambaye miaka michache nyuma alikuwa akiuzwa kando ya Biblia na kadi za Krismasi.

Albamu yenyewe ilifika namba 10 katika chati kuu. Katika chati ya albamu za Kikristo ilikaa kileleni kwa wiki 32. Baadaye ilithibitishwa kuwa nakala milioni tano zimeingia sokoni Marekani peke yake. Mwaka huohuo wa 1991 rafiki yake Michael W. Smith, aliyewahi kumpigia kinanda katika ziara zake, alifika namba sita kwa wimbo Place in This World, ambao Amy alishiriki kuutunga. Mlango ulikuwa umefunguka, na wengine walianza kupita.

Februari 1992 Heart in Motion ilikuwa miongoni mwa albamu zilizoshindania tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, na Baby Baby ilishindania rekodi bora na wimbo bora. Zote zikaenda kwa kazi ya Natalie Cole ya kumkumbuka baba yake. Mwaka huohuo Chama cha Muziki wa Injili cha Marekani, kinachotoa tuzo za Dove, kilimtangaza Amy kuwa msanii bora wa mwaka, kwa mara ya nne. Watu wa nyumbani walikuwa bado wanamtambua, hata kama si wote.

Jina la Mungu na mipaka yake

Lawama zilikuwa za namna tatu, nami nataka kuzitendea haki zote.

Ya kwanza ilihusu picha: mke wa mtu hapaswi kuonekana akitaniana na mwanamume mwingine, hata kwa kuigiza. Hili naliheshimu. Mwimbaji wa kanisani huimba pia kwa maisha yake, na watu wana haki ya kutaka vifanane.

Ya pili ilihusu fedha: ameiuza imani yake apate soko. Hili ni jepesi kulisema na gumu kulithibitisha. Anayeuza imani huondoa yanayomuudhi mnunuzi. Ask Me hauko katika albamu kwa ajili ya kumfurahisha mnunuzi yeyote.

Ya tatu ndiyo nzito, na bado iko nasi: Yesu yuko wapi katika nyimbo hizi? Swali hilo halikufa. Albamu yake ya mwaka 1997, Behind the Eyes, ilipopata tuzo ya Dove mwaka 1998, mjadala ulipamba moto kiasi cha chama kile kuweka kanuni za maneno gani yanaufanya wimbo uwe wa injili. Mwaka uliofuata nyimbo kadhaa zikaondolewa katika mashindano kwa sababu hazikutimiza kanuni hizo.

Sisi tunaujua mjadala huo. Afrika Mashariki tunao wetu kila mwaka: mwimbaji wa injili akiimba harusi, akiimba mapenzi ya ndoa, akivaa hivi au kucheza vile, watu wanauliza kama bado ni injili. Lakini tulishapata funzo kutoka upande wa pili. Esther Wahome wa Kenya alipoimba Kuna Dawa, wimbo unaomhubiri Yesu bila kificho, ulipigwa kwenye matatu na hadi kumbi za disko, watu wakaucheza usiku kucha. Jina la Yesu lilikuwemo, wala halikuuzuia wimbo kutoka nje ya kanisa. Na bembelezi ya mama haina jina hilo, wala kukosa kwake hakuutoi wimbo nje ya sala. Jina pekee halitoshi kuwa ua wa kutenga kondoo na mbuzi.

Sisemi kwamba kila wimbo mzuri ni wa injili. Maneno hayo yangemaliza kazi ya waimbaji wetu wanaohubiri kwa sauti zao vijijini na mijini, na kazi hiyo ni kubwa. Ninachosema ni kwamba muumini ana maisha siku saba. Ibada ikimpa nyimbo za Jumapili tu, siku nyingine sita ataazima nyimbo kwa watu wasioamini: za mtoto wake, za ndoa yake, za jeraha lake. Amy Grant aliziandika hizo siku sita. Waliomlaumu walikuwa wakiitafuta Jumapili ndani ya Jumatano.

Moyo wenyewe

Maisha hayakumhurumia kwa sababu ya albamu yake. Ndoa yake na Chapman ilivunjika mwaka 1999, na baadhi ya Wakristo wakampa kisogo. Mwaka 2000 aliolewa na mwimbaji Vince Gill. Miaka ikapita, lawama zikapungua, na Desemba 2022 akapokea heshima ya Kennedy Center jijini Washington, msanii wa kwanza wa muziki wa Kikristo wa kisasa kutunukiwa heshima hiyo.

Miaka miwili kabla ya hapo, Juni 2020, alifanyiwa upasuaji wa moyo. Madaktari waligundua kasoro aliyozaliwa nayo: sehemu ya damu iliyotoka mapafuni ilikuwa haipiti njia yake ya kawaida kurudi moyoni. Hakuwa na dalili za kumshtua. Kwa maneno mengine, mwaka aliporekodi albamu yenye jina la moyo unaokwenda, na ndani yake wimbo kuhusu kila pigo la moyo, moyo wake mwenyewe ulikuwa na hitilafu iliyojificha, naye akaimba, akazaa, akazunguka dunia. Nilipoisoma habari hiyo niliketi kimya. Kisha nikamtafuta dada kwa simu, naye akasema jambo moja tu: "Na kaseti ile bado ipo."

Kaseti ilirudi, ndiyo. Mzee alikaa nayo karibu miezi mitano. Jumapili moja baada ya ibada alimpa dada mkononi, imefungwa katika gazeti, na hakutoa hotuba. Dada alipoifungua nyumbani aliona kitu ambacho mtu wa kaseti pekee ndiye anayekiona: utepe wote ulikuwa umehamia upande mmoja, mpaka mwisho wa upande wa pili. Mzee hakuizima katikati. Alikuwa ameisikiliza hadi wimbo wa kumi na moja.

Wiki iliyofuata mama alimwuliza, kwa adabu, aliona kasoro gani.

"Ule wa mwisho ni mzuri, mama," alijibu. "Ule hata kwaya wangeweza kuujifunza."

"Na ule wa mtoto?"

Mzee akafikiri kidogo. Yeye mwenyewe alikuwa na wajukuu. "Ule," akasema, "waacheni akina mama waimbe nyumbani."

Mama alilichukua jibu hilo kama ruhusa kamili. Kiingereza hakijui mpaka leo, lakini wajukuu zake wote wamelala kwa wimbo huo, bila maneno, mdomo umefumbwa, mkono ukipiga mgongo mdogo polepole kwa mdundo uleule aliopetea mchele.